Moshi, uvujaji na papi iliyoungua: kisa cha bomba la moshi Dodoma

Mama mmoja mstaafu, mkazi wa upande wa Nzuguni jijini Dodoma, alimpa fundi kazi ya kujenga upya bomba la moshi la jiko lake la kuni. Walikubaliana ufundi shilingi 900,000, vifaa juu ya mama. Fundi akalipwa 600,000 kwa mafungu mawili, kazi ikaisha mwezi Agosti. Ilipofika Februari walikuwa hawasalimiani. Mama alizuia shilingi 300,000 zilizobaki, na juu ya hizo akafungia stoo grenda na ngazi ya fundi. Fundi naye akatuma ujumbe kwamba asipolipwa atakuja na vijana wake kung'oa bomba. Shauri likatua mezani kwa mwenyekiti wa mtaa, nami nikaombwa kukaa naye kama msaidizi wa kisheria. Wote wawili wameridhia kisa kielezwe bila majina.

Nakieleza kwa kirefu kwa sababu migogoro ya mafundi na wenye nyumba huamuliwa vibaya mitaani kwetu. Watu wazima wenye nia njema hukaa, husikiliza pande mbili, kisha husema: gawaneni hasara, yaishe. Hapa tungefanya hivyo, tungewapatanisha watu na kuiacha nyumba katika hatari ya moto.

Nyumba yenyewe ni ya kawaida kwa Dodoma ya miaka hii, tangu serikali ianze kuhamia kwa nguvu mwaka 2016 na viwanja vya pembezoni kujaa. Vyumba vitatu, tofali za saruji, mabati ya rangi, dari la jipsam. Mama aliijenga kwa kiinua mgongo. Gesi anayo, lakini anaitumia kwa chai na mboga. Makande na maharage anapikia kuni, na wajukuu wakija likizo kuni ndizo zinazowalisha. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Mpaka tufike huko, mabomba ya moshi yataendelea kujengwa, na watakaoyajenga ni mafundi wetu hawa hawa.

Zamani jiko la kuni lilikuwa banda la peke yake uani. Mama akaliunganisha na nyumba kwa kuezeka njia iliyokuwa katikati, na hapo moshi ukapata mlango wa kuingia vyumbani. Ndipo akamwita fundi.

Makubaliano yao yalikuwa mafupi. Mama alisema, "Fundi, moshi unatuua humu ndani, nitengenezee." Fundi akajibu, "Ondoa shaka mama, hiyo ndiyo kazi yangu." Akachana karatasi ya mfuko wa saruji, akaandika mahitaji nyuma yake: bati bapa la geji 28 (geji ni kipimo cha unene wa bati), elbo mbili (viungo vya kona), saruji, silikoni, kofia ya bomba. Karatasi ile mama aliitunza, na ndiyo maandishi pekee ya mkataba mzima. Haikusema bomba litakuwa na urefu gani, litapitaje darini, wala kazi itahesabika imekamilika lini. Mama aliamini amelipia nyumba isiyo na moshi. Fundi aliamini ameuza kazi ya kukunja bomba, kulipitisha darini na kulisimamisha juu ya paa. Kila mmoja alikuwa mkweli kwa alichokiamini, na hiyo ndiyo sababu walikasirikiana kiasi kile.

Septemba moshi ukaanza kurudi. Anayeishi Dodoma anaujua upepo wa miezi ile, unaotoka mashariki na kusini mashariki ukibeba vumbi kutwa nzima. Jioni upepo ukikaza, moshi ulikuwa unateremka na bomba na kutokea mdomoni mwa jiko. Fundi alikuja mara moja, akaishusha kofia ya bomba kidogo, akaondoka. Desemba mvua zikaanza. Maji yakapenya pale bomba linapotoboa bati, yakachora duara la kahawia kwenye jipsam, na Januari kipande cha dari kikaanguka kwenye korido.

Kabla ya kufika kwa mwenyekiti, mama alikwenda polisi kushtaki utapeli. Askari wa zamu akamwambia hiyo ni madai, si jinai. Mama aliona amepuuzwa, ila kwa sheria alielekezwa sawasawa. Kosa la kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu, lililomo katika Kanuni ya Adhabu, linataka uongo na nia ya kulaghai iliyokuwepo tangu pesa inapopokelewa. Fundi huyu alifika kazini, alifanya kazi mpaka mwisho, na alirudi alipoitwa mara ya kwanza. Ana hata cheti cha VETA alichokipata kwa kurasimishiwa ujuzi aliojifunza kazini. Anaweza kuwa amekosea sana bila kuwa tapeli, na kumwita hivyo mbele ya majirani ndiko kulikomfanya aache kupokea simu za mama.

Kikao kilifanyika ofisi ya mtaa. Mwenyekiti, mzee wa Kigogo mwenye heshima zake, alitusalimu "Mbukwenyi", akampa mama nafasi ya kwanza. Mama alieleza moshi, maji na dari kwa mkupuo mmoja, kama kosa moja. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatoa simu na kucheza ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Ilikuwa sauti ya mama: "Fundi mwanangu, hilo bomba lisizidi kofia ya paa, nyumba itaonekana kama kiwanda." Mama akainamisha kichwa. Fundi akaendelea: "Shikamoo yangu iko pale pale mama, lakini mimi nilitaka kulipandisha, wewe ukakataa. Niliandika geji 28, ukaleta geji 32. Na kuni zako ni mbichi. Mimi kosa langu liko wapi?"

Hoja tatu, na zote zilikuwa kweli. Kikao kikamwegemea fundi papo hapo. Mwenyekiti akapendekeza mama alipe nusu ya kilichobaki, yaani 150,000, arudishe grenda na ngazi, kila mtu ashike njia yake. Nilimwona mama akianza kukubali kwa aibu ya ule ujumbe, na fundi akikubali kwa sababu alihitaji grenda yake kazini.

Niliomba jambo moja kabla ya karatasi kuandikwa: twende tukalione bomba. Tulimtafuta fundi bati mwingine asiyemfahamu yeyote kati yao, ujira wake wakauchangia sawa kwa sawa. Akapanda darini kwa kupitia pale palipoanguka jipsam, akiwa na tochi ya simu. Hakukaa sana. Alimwita fundi wa kwanza apande naye, na waliposhuka fundi wa kwanza alikuwa amenyamaza kabisa.

Bomba lilipita likiwa limeegemea papi, moja ya mbao za paa. Upande ule mbao ilikuwa imekuwa mkaa, nyeusi na yenye nyufa za mirabaraba, kina chake kama unene wa kidole. Fundi bati aliikwangua kwa ukucha akatuonyesha weusi uliobaki. Karatasi ya juu ya jipsam iliyozunguka bomba ilikuwa imebadilika rangi na kumomonyoka. Hakuna aliyekuwa amelalamikia hilo, kwa sababu hakuna aliyeliona. Kwa nusu mwaka watu wawili waligombana kuhusu moshi na maji, na juu ya vichwa vyao mbao ya paa ilikuwa inaungua kidogo kidogo kila makande yalipobandikwa.

Anayedhani papi ile ingebaki hivyo miaka mingi aelewe jinsi mbao inavyoungua. Mbao inayopashwa moto kwa miezi haihitaji mwali. Joto la kila siku huikausha na kuigeuza mkaa polepole, na kadiri inavyogeuka ndivyo joto linalotosha kuiwasha linavyopungua. Ndiyo maana moto wa namna hii hutokea siku ya kawaida, kwa chungu cha kawaida, baada ya watu kuridhika kwamba mbona siku zote hakuna tatizo. Kiwango cha Marekani cha usalama wa mabomba ya moshi, NFPA 211, kinataka bomba la chuma la ukuta mmoja likae takriban sentimita 45 kutoka kwenye mbao. Hapa nafasi ilikuwa sifuri. Siku ile ile mama aliacha kuwasha jiko la kuni, na namba 114 ya Zimamoto ikabandikwa ukutani.

Kutoka hapo shauri lilibadilika sura. Tulikuwa na kasoro tatu zisizofanana chanzo, na haikuwa haki kuzilipia kwa bei moja.

Moshi kwanza. Moshi hupanda kwa sababu hewa ya moto ni nyepesi kuliko ya nje, na bomba likiwa refu mvuto huongezeka. Lakini paa nalo lina upepo wake. Bomba lilitokea mteremko wa magharibi, mdomo wake ukiwa sentimita 30 chini ya kofia ya paa, yaani kilele chake, na kofia yenyewe iko mita moja na nusu tu kutoka hapo. Upepo wa mashariki ukivuka kofia huporomoka upande wa pili na kuusukuma moshi urudi ndani. Kanuni inayotumika sana duniani ni kwamba mdomo wa bomba uwe juu ya sehemu yoyote ya paa iliyo ndani ya mita 3 kwa angalau sentimita 60, na usimame angalau sentimita 90 juu ya pale bomba linapotoboa bati. Kwa hiyo ujumbe wa mama ulikuwa chanzo cha kweli. Lakini fundi pia alilipunguza bomba kutoka inchi 8 kuwa inchi 6 kule juu, akaweka elbo mbili za mkunjo kamili, na ile kofia ya bomba aliyoishusha Septemba ilizidi kuubana mdomo.

Kuni mbichi zinachangia, hilo halina ubishi: moshi wake ni wa baridi, mzito, na masizi yake ni mengi. Tungekuwa na shaka kama moshi ungerudi kwa kuni mbichi tu. Mama na majirani wawili walisema ulirudi hata kwa kuni kavu upepo ukivuma, na fundi hakubisha. Hoja ya geji ilikuwa ya kweli lakini haikuhusu lolote tulilokuwa tunalijadili. Namba ya geji ikiwa kubwa bati huwa jembamba, kwa hiyo bomba la mama litaoza mapema, na siku hiyo asimlaumu fundi. Bati jembamba halirudishi moshi, halivujishi paa, wala halimlazimishi mtu kuliegemeza kwenye papi.

Uvujaji ulikuwa rahisi. Fundi alizungushia saruji pale bomba linapotoboa bati, akamalizia kwa silikoni ya kawaida ya madirisha. Bomba likipata moto linatanuka, likipoa linarudi, saruji haifuatani nalo, ikapasuka. Silikoni ile haikuumbwa kwa joto hilo. Kilichotakiwa ni sketi ya bati kuzunguka bomba, ncha yake ya juu ikiingia chini ya bati la juu ili maji yapite juu yake. Mama hakuagiza saruji, hakuagiza silikoni. Huo ni ufundi mtupu.

Na papi ni ufundi zaidi ya mtupu. Hapo sikuona cha kugawana.

Swali gumu lilikuwa ule ujumbe wa sauti, na bado naona ndilo kiini cha kisa. Mteja akiagiza jambo litakaloharibu kazi, na fundi akatii, nani abebe? Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ujumbe kama ule kupokelewa kuwa ushahidi, kwa hiyo mama hakuweza kuukana, na hakujaribu. Lakini nilimwuliza fundi alimjibu nini. Akatafuta kwenye simu. Jibu lake lilikuwa kidole gumba. Mama huyu alifundisha shule ya msingi maisha yake yote, hajui upepo unafanya nini juu ya paa. Aliyejua ni mmoja tu kati yao, na ndiye aliyekuwa analipwa kwa kujua. Angemwambia, "Mama, likiwa fupi hivyo moshi utarudi," na mama akang'ang'ania, mzigo wote ungekuwa wa mama. Alinyamaza, kwa hiyo mzigo ni wa wawili.

Kwa upande wa sheria, mkataba wa mdomo ni mkataba, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haidai karatasi kwa kazi kama hii. Kifungu cha 73 kinampa aliyevunjiwa mkataba fidia ya hasara iliyotokana moja kwa moja na uvunjaji huo, na papo hapo kinataka itazamwe njia aliyokuwa nayo ya kuizuia hasara isikue. Hilo lilimgusa mama. Alama ya maji ilionekana Desemba, dari likaanguka Januari, na katikati hakuna aliyetandika hata turubai juu ya bati. Alituambia hakutaka kugusa ushahidi. Picha ya simu ingetosha kuwa ushahidi, na turubai lingeokoa dari.

Kuhusu grenda na ngazi nilisema waziwazi kwamba mama hakuwa na haki ya kuvishika. Havikuwa dhamana, hawakukubaliana hivyo, na kila siku vilipokaa stoo fundi alikosa kazi nyingine. Vilirudishwa siku ile kabla ya jambo lolote. Fundi naye aliambiwa kwamba bomba lililokwisha kujengwa kwenye nyumba ya mtu kwa vifaa vya mwenye nyumba si lake kuling'oa, anachodai ni pesa tu.

Fundi bati alitupa makadirio. Kulipandisha bomba juu ya kofia ya paa, kurudisha inchi 8 mpaka juu na kulifunga kwa waya: vifaa 180,000, ufundi 70,000. Sketi ya bati: 90,000. Kukata papi sentimita 45 kila upande wa bomba, kuzishika ncha kwa mbao za kuvuka, kurudisha jipsam nyuma na kuliziba pengo kwa bati, na kuvisha bomba ganda la bati lenye nafasi ya hewa: 110,000. Kutengeneza dari na kupaka rangi: 160,000.

Tuligawa hivi. Kupandisha bomba, mama anunue vifaa na fundi afanye kazi bila malipo. Sketi na papi, vifaa na ufundi vyote juu ya fundi. Dari, nusu kwa nusu, na 80,000 za fundi zikatwe kwenye 300,000 alizokuwa anadai. Akabaki anadai 220,000. Mwenyekiti aliona fundi amebanwa, akasema kijana ana watoto. Nilimjibu kwamba tusingeweza kumpa punguzo kwenye papi, kwa sababu punguzo hilo lingelipwa na wanaolala chini yake. Mzee alifikiri kidogo, akasema, "Basi iandikwe hivyo."

Fundi alikuwa na haki ya kukataa. Mwenyekiti wa mtaa ni mpatanishi, hana hukumu. Nilimweleza kwamba Mahakama ya Mwanzo ipo, husikiliza madai ya deni la mkataba yasiyozidi shilingi milioni 30, kwa Kiswahili, na kwamba madai ya mkataba yana ukomo wa miaka sita, kwa hiyo hakuna anayemharakisha. Akasema atasaini, ila akaweka sharti la maana: hatakubali kulipwa "mama akiridhika". Alitaka jambo linaloonekana kwa macho.

Hapo tulitumia muda mwingi, na haukupotea. Mama alitaka kusubiri mvua kubwa, fundi akauliza, mvua ya Dodoma ikikata je? Swali halali, katika mkoa ambao mvua zake huanza Desemba, huisha Aprili, na katikati zinaweza kukauka wiki nzima. Tukaafikiana mpira wa maji umwage juu ya bati, upande wa juu wa bomba, kwa nusu saa, mtu akiwa darini na tochi. Kwa moshi, moto uwashwe jioni yenye upepo kwa kuni kavu, mlango wa korido ukiwa wazi kisha ukiwa umefungwa na dirisha la jiko limefunguliwa. Papi ikaguliwe na fundi bati kabla jipsam haijarudishwa. Ukaguzi wa papi na jaribio la maji vikifaulu, alipwe 120,000. Jaribio la moshi likifaulu, alipwe 100,000 za mwisho.

Kazi ilifanyika. Jaribio la maji lilifaulu mara ya kwanza. Papi ilirudiwa upande mmoja, maana fundi alikuwa amepima sentimita 45 kutoka katikati ya bomba badala ya ukingoni mwake. Moshi haukurudi upepo ulipovuma, ila jiko likiwashwa likiwa baridi hutoa moshi dakika chache za mwanzo, jambo ambalo fundi bati alisema ni la kawaida na mama akalikubali kwa maandishi. Fundi alilipwa zote 220,000. Dari mama alimpa mtu mwingine, fundi akanung'unika kwamba anaharibiwa jina. Nilimwambia mama ana uhuru wa kuchagua, na makubaliano yetu hayakumfunga huko.

Karatasi iliyobaki ofisi ya mtaa ina mstari mmoja zaidi, ambao fundi ndiye aliyeuomba: kusugua masizi ndani ya bomba kabla ya mvua na baada ya mvua ni kazi ya mwenye nyumba, na bati la geji 32 likitoboka kwa kutu fundi hadaiwi.